Gari Likizima, Mwandishi Anatazama Wapi?

Katika simulizi nyingi za safari tunazoandika, gari huharibika kwa sentensi moja. Tulifika porini, gari likazima, tukahangaika kama saa tano, hatimaye tukaendelea na safari. Saa tano zimekwisha kabla msomaji hajashuka garini. Baada ya hapo mwandishi anatupeleka haraka kwenye hifadhi, ufukweni au msibani, yaani kule alikodhani habari iko. Mimi nadhani habari ilibaki pale nyuma, chini ya boneti.

Ryszard Kapuściński hakuziruka saa hizo. Mwandishi huyu wa Poland alifika Dar es Salaam mwaka 1962 akiwa mwakilishi wa shirika la habari la nchi yake, na miongo kadhaa baadaye, mwaka 1998, akatoa Heban, kitabu ambacho wengi wetu tunakisoma kwa tafsiri ya Kiingereza, The Shadow of the Sun. Humo mna safari mbili zilizokwama zinazofaa kusomwa pamoja.

Ya kwanza iko Mauritania. Lori linakufa jangwani, nalo lina watu wawili tu: mwandishi na dereva, Salim. Salim anatoa vifaa, anaanza kufungua injini, na mwandishi anafikia uamuzi kwamba dereva huyu hajui kutengeneza gari. Hapo hesabu inageuka. Maji yapo, ila ni ya Salim. Je, atamgawia mgeni? Salim anamgawia. Nguvu ya sura hii ni kwamba mgeni anayezoea kutazama wengine sasa anatazama mkono wa mtu mwingine, akiomba kimoyomoyo uelekee upande wake. Sijui waandishi wengi wa safari waliokubali kuonekana wadogo namna hiyo.

Lakini tazama tunachopata kuhusu Salim. Tuna jina lake na ukarimu wake, ilhali sauti yake karibu haisikiki. Alikuwa anatafuta nini kwenye ile injini? Alijaribu kipi kwanza? Aliacha kwa sababu hakujua, au kwa sababu alijua kwamba kifaa kinachohitajika hakipo? Mwandishi hana uwezo wa kutuambia, ila anaandika kana kwamba anao. Kimya cha Salim kimetafsiriwa kuwa ujinga.

Ya pili iko Onitsha, Nigeria. Kapuściński anakwenda kuona soko maarufu la mji huo, anakwama kwenye foleni, anashuka kutafuta chanzo. Chanzo ni shimo. Magari yanatumbukia humo moja baada ya jingine, na vijana wanayavuta kwa malipo. Pembeni wamejaa wauzaji wa chakula, na biashara nyingine zimeota kwa sababu ya watu waliokwama. Hapa macho yake yako kwenye kazi: nani anavuta, nani anauza, nani angepata hasara shimo likizibwa. Sura hii haimtegemei shujaa yeyote, nami naiona bora kuliko ile ya jangwani. Upungufu wake ni kwamba hakuna hata kijana mmoja mwenye jina.

Ukweli wa kazi zake umebishaniwa sana. John Ryle alimkosoa mwaka 2001 kwa namna anavyoandika mambo ya jumla kuhusu Afrika, na wasifu ulioandikwa na Artur Domosławski mwaka 2010 ulihoji kiasi cha ubunifu katika vitabu vyake. Mjadala huo ni wa lazima, ila mara nyingi unaishia kuuliza kama tukio lilitokea. Kwa sura ya Salim ningeongeza swali jingine: hata kama kila kitu kilitokea, nani alipewa nafasi ya kufikiri ndani ya simulizi?

Kwenye barabara zetu, lori likizima mlimani utingo huruka chini kabla halijatulia. Anaweka jiwe nyuma ya tairi, kisha anakata matawi mabichi na kuyapanga barabarani ili wanaokuja wapunguze mwendo. Dereva yuko kwenye injini, wanabishana: ni pampu, si pampu. Abiria mmoja aliyewahi kuwa fundi anatoa maoni ambayo hakuombwa. Mabishano hayo ni elimu, na yana lugha yake ambayo sisi tunaisikia bila mkalimani. Kapuściński hakuwa na sikio hilo. Sisi tunalo, halafu tunaandika “tukahangaika” na kufunga aya.

Kwa hiyo namsoma Kapuściński kwa shukrani na kwa ugomvi. Alitufundisha kushuka garini. Kumuuliza Salim anatafuta nini ni kazi aliyotuachia, na anayeandika kwa Kiswahili hana kisingizio cha kuiacha.