Majina ya Mahali Ukingoni mwa Nyanza: Uhakiki Mfupi

Jina la mahali ni hati ya historia. Hata hivyo, shuleni mwetu hati hii husomwa mara nyingi kwa kubahatisha, na mwanafunzi huyapokea maelezo ya kubuni kana kwamba ni historia. Yafaa tuyahakiki baadhi ya maelezo hayo kwa kuutazama mji wa Mwanza na ziwa lake.

Husemwa kwamba Wajerumani, walipoweka kituo chao hapo mwaka 1892, walishindwa kutamka neno "nyanza", wakasema "Mwanza". Maelezo haya yanapendeza masikioni, lakini hayasimami. Mwingereza Speke, aliyefika hapo Agosti 1858, alikwisha kuliandika jina hilo "Muanza", zaidi ya miaka thelathini kabla ya Wajerumani. Tena Msukuma huuita mji huo Ng'wanza, na sauti ng'w ya Kisukuma hulingana na mw ya Kiswahili: ng'wana wa Kisukuma ndiye mwana wa Kiswahili. Basi Mwanza ni umbo la Kiswahili lililofuata kanuni, wala si kosa la ulimi wa Mzungu. Atafutaye asili ya jina hilo na aanzie katika Kisukuma. Ndivyo ilivyo hata kwa jina Usukuma, ambalo maana yake ni nchi ya kaskazini, kwa kuwa sukuma ni kaskazini na dakama ni kusini.

Tukija kwenye ziwa, jambo ni zito zaidi. Speke alilipa jina la Malkia Victoria, ambaye hakupata kuliona. Wengi hujibu kwamba jina lake la asili ni Nyanza. Jibu hili lina ukweli, ila halitoshi. Nyanza ni neno la kawaida lenye maana ya ziwa au maji makuu. Hivyo asemaye "Ziwa Nyanza" amesema "ziwa ziwa". Waganda waliliita Nalubaale, wakilihusisha na lubaale, yaani mizimu yao mikuu. Waluo waliliita Nam Lolwe. Waarabu wafanya biashara walilijua kwa jina la Ukerewe, kisiwa kilichomo humo. Kila ukingo ulikuwa na jina lake, na kila jina lilikuwa na watu wake. Kosa la ramani ya kikoloni ni kuyafunika yote kwa jina moja la mtu asiyekuwapo.

Je, dawa ni kubadili majina tu? Mwaka 1973 Ziwa Edward liliitwa Idi Amin Dada, na huko Zaire Ziwa Albert likaitwa Mobutu Sese Seko. Mwana wa mfalme aliondolewa, akawekwa mtawala mwingine. Wavuvi wa ziwa hawakurudishiwa neno lolote. Majina hayo yalianguka pamoja na wenyewe. Kinyume chake, wakulima wa pamba wa Usukuma, ambao muungano wa vyama vyao vya ushirika ulioanzishwa mwaka 1955 ulibeba jina la Victoria, baadaye walikuwa na chama kilichoitwa Nyanza. Neno hilo lilikuwa tayari vinywani mwao.

Mjini Mwanza penyewe twaona mizani hiyo hiyo. Jiwe maarufu la majini lingali likiitwa Bismarck, kwa jina la waziri wa Ujerumani ambaye hakukanyaga Afrika. Karibu nalo kipo kisiwa cha Saanane, kilichochukua jina la mkazi wake, mzee mvuvi na mkulima. Kisiwa kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Jina la mzee yule limebaki. Majina yote mawili ni ya watu, lakini moja lilishushwa kutoka juu, na jingine lilitokana na maisha ya mahali.

Hatuna budi, basi, kuwafundisha vijana kuuliza maswali matatu mbele ya kila jina: nani alilitoa, kwa lugha gani, na wenyeji walipaitaje kabla yake? Majibu yake wayatafute kwa wazee wa vijiji vyao, wakiyaandika kwa matamshi ya lugha yenyewe, ng'w ikiwa ng'w, kabla hayajanyoshwa kwa tahajia ya Kiswahili.