Chupa Tatu na Azimio la Kazi

Katika kazi za mwalimu wa taaluma hakuna inayonichosha kama kusaini maazimio ya kazi. Januari ikiingia, meza yangu inajaa: umahiri mkuu, umahiri mahususi, mwezi, wiki, idadi ya vipindi, zana, rejea, na pembeni kabisa ile safu ya Maoni. Sijui kama kuna mahali pengine nchini ambapo watu wazima wanadanganya kwa adabu namna ile. "Mada imefundishwa na imeeleweka." Wiki ya tatu imeeleweka, wiki ya tisa imeeleweka, wino uleule, mkono uleule, jioni ileile moja ya Juni kabla ya ukaguzi.

Mwaka huu mwenzangu wa Darasa la Tano aliniletea azimio lenye matundu. Wiki sita hazikuandikwa kitu.

"Madamu, hizi vipi?"

"Hizo hazipo, mwalimu. Nimezihesabu."

Alikuwa amezihesabu kweli. Ukitoa likizo fupi ya karibu na Pasaka, muhula wa kwanza kwenye kalenda una wiki zipatazo 20. Wiki ya kufungua shule ni ya kufyeka nyasi na kugombania madawati. Majaribio ya nusu muhula yanakula wiki nzima, mtihani wa mwisho nyingine. Kuna Karume Day, Muungano, Mei Mosi, na Idi pale inapoangukia. Halafu, kuelekea mwisho wa muhula, michezo ya UMITASHUMTA inaanza kuchota watoto: kwanza wanaokwenda kucheza ngazi ya kata, kisha wilaya, na wanaobaki darasani wanafundishwa huku macho yako uwanjani. Jumla yake ikabaki wiki 14. Sisi wengine tunapanga 20, tunafundisha 14, na zile sita tunazimaliza kwenye safu ya Maoni.

Hadi hapo ni hesabu tu, na mtu yeyote mkweli angeweza kuifanya. Kilichonifanya niufuatilie muhula wake mpaka mwisho ni namna alivyozijaza zile 14. Hakuanza na mada ya kwanza ya muhtasari akashuka nayo. Alitafuta kwanza kitu kisichokubali kuahirishwa. Shule yetu iko Muheza, na huku tuna misimu miwili ya mvua: vuli, na masika ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa huihesabu kuanzia Machi hadi Mei. Akaiweka masika katikati ya karatasi, kisha akaanza kuyasogeza masomo kuizunguka. Takwimu, ambazo kwa kawaida tunazifikia tukiwa tumechoka, zikavutwa hadi Aprili. Eneo na ujazo zikafuata. Kiswahili kikapewa ripoti fupi na barua rasmi. Jiografia ikapata hali ya hewa, na sayansi ikapata maji kugeuka mvuke.

Chombo chenyewe kilikuwa chupa tatu za maji za lita moja na nusu. Nazieleza kwa kirefu kwa sababu nimeona shule nyingi zikitengeneza kipima mvua cha maonyesho, kikapigwa picha, kisichopima kitu. Chupa inatakiwa iwe na ubavu ulionyooka. Zenye mabonde katikati zilikataliwa. Inakatwa begani, na kile kichwa kinageuzwa na kurudishwa mdomo chini kama faneli, maana bila kifuniko hicho jua la Februari linakunywa maji kabla hujayasoma. Kitako cha chupa kina vinundu, kwa hiyo watoto walitia kokoto, wakamimina maji hadi pale ubavu unapoanza kunyooka, wakapiga mstari. Huo mstari ndio sifuri. Juu yake wakabandika ukanda wa karatasi wenye milimita, wakaufunika kwa selotepu. Mdomo na tumbo vikiwa na upana mmoja, kimo cha maji ndani ya chupa ndicho kimo cha mvua iliyonyesha. Hakuna hesabu ya ziada.

Chupa mbili zilifungwa kwenye nguzo uwanjani, kimo cha mita moja ili matone yanayoruka kutoka ardhini yasiingie, mbali na paa na miti. Ya tatu ikafungwa makusudi chini ya mwembe. Nilidhani ni kosa. Ilikuwa pale ili isome kidogo kuliko wenzake, watoto waulize majani yamepeleka wapi maji mengine.

Kila siku saa tatu asubuhi, saa ambayo vituo vya hali ya hewa nchini navyo husoma mvua, watoto wawili walitoka, wakasoma, wakamwaga hadi mstari wa sifuri, wakarudi na kuandika kwenye karatasi kubwa ukutani. Dakika tano. Kipindi chetu ni dakika 40, kwa hiyo alikuwa akipoteza sehemu moja ya nane ya kipindi kimoja kwa siku, na hilo ndilo lililoniuma mwanzoni. Sasa nashika upande wa pili. Shughuli zetu nyingi za shule ni za kupasuka: siku ya taaluma, turubai, mgeni rasmi, ngonjera, soda, na kesho yake hakuna mtoto anayekumbuka ilihusu nini. Dakika tano za kila siku hazina mgeni rasmi, lakini ziliendelea.

Na hazikuanza vizuri. Januari na Februari karatasi ilikuwa sifuri, sifuri, sifuri. Watoto wakachoka, zamu mbili hazikutoka kabisa, na mmoja akajaza sifuri akiwa amekaa. Hapo ndipo somo bora la muhula mzima lilipotokea, nalo halimo katika azimio lolote nililowahi kusaini. Mwalimu hakuchapa. Alichora alama mbili ubaoni: 0 na mstari mfupi. Sifuri, akawaambia, maana yake nimekwenda, nimetazama, hakuna maji. Mstari maana yake sikutazama. Akampa aliyejaza akiwa amekaa kalamu nyekundu aifute sifuri yake aweke mstari. Kuanzia siku hiyo karatasi ikawa na mistari mingi kidogo, na nikaanza kuiamini. Wakati huohuo aliwaongezea safu ya upepo, waone kaskazi inavyolegea na kusi kuingia, ili macho yao yawe na kazi kabla ya mawingu kufika.

Masika ilipoanza, ukaja ubishi ambao mwalimu hawezi kuutunga. Mvua imenyesha usiku wa Jumanne, imesomwa Jumatano asubuhi: iandikwe siku gani? "Madamu, Jumanne mchana hakukunyesha!" Wakakubaliana kwamba kisomo cha saa tatu ni cha saa 24 zilizopita, wakaandika hivyo kwa maneno juu ya karatasi. Mwisho wa wiki hakuna mtu shuleni, kwa hiyo kisomo cha Jumatatu ni cha siku tatu. Baadhi walitaka kugawanya kwa tatu. Binti mmoja akauliza, je, kama yote ilinyesha Jumapili? Wakachora mabano yanayozikumbatia siku tatu na kuandika jumla moja. Wastani ulipofika kama mada wiki mbili baadaye, darasa lilikuwa tayari linajua unachoficha.

Asubuhi moja chupa ya kwanza ilisoma milimita 47 na ya pili 11. Darasa likanyamaza. "Imekojolewa," akasema mmoja kutoka nyuma, na kazi ikasimama kwa kicheko. Aliyemimina maji ya dumu hakupatikana, wala hakutafutwa sana. Kisomo kikawekewa mstari, kikachukuliwa cha chupa ya pili. Ndiyo maana chupa moja haitoshi.

Hesabu kubwa ilikuja Mei. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Watoto walipima jengo la madarasa kwa kamba, wakisimama chini ya ncha za bati, maana mvua haiujali ule mteremko wa paa, inaona kivuli chake tu: mita 20 kwa 8, eneo la mita za mraba 160. Mvua ya milimita 12 inaleta lita 1,920. Wakatoa sehemu moja ya tano kwa yanayomwagika na kurukia pembeni, zikabaki 1,536. Namba hiyo haikuwagusa mpaka mmoja alipoigawanya kwa dumu la lita 20: madumu 76 na ushee. Hawa ni watoto wanaokuja shuleni na dumu mkononi. Tangi letu la lita 5,000 lipo, paa lipo, kinachokosekana ni mfereji wa bati wa kuyaunganisha. Barua rasmi kwa kamati ya shule ilijiandika yenyewe, na kwa mara ya kwanza sikuona "rejea kichwa cha habari hapo juu" ikifuatiwa na hewa.

Gharama yake niiseme. Mtihani wa pamoja wa kata ulifuata mpangilio wa muhtasari, si wa mawingu, na maswali ya maumbo yaliwakuta watoto wake hawajayafikia. Walianguka hapo, na kikaoni nilijibu mimi. Bado nadhani alitakiwa kuuliza mapema ni mada zipi zingetungwa, akasogeza moja. Ubora wa mpango haukuondoi kwenye ratiba ya wenzako.

Kamati ilijibu kwa swali: bati lina kutu, maji hayo yatanyweka? Darasa likajibu ni ya kumwagilia na kuoshea vyoo. Tangu hapo barua ziko njiani.

Muhula wa pili huku kwetu ni mkavu hadi vuli, chupa hazina kazi. Ameniletea azimio jipya, lenye matundu yake, na katikati safari hii ni kivuli cha mlingoti wa bendera. Julai kivuli cha mchana kinalala kusini. Kitafupika wiki hadi wiki, mwanzoni mwa Oktoba kitajikunja chini ya mlingoti, kisha kitaangukia kaskazini. Nikamwambia apime saa sita kamili ili kengele imsaidie.

"Saa yetu imepangwa kwa jua la mashariki yetu, mwalimu. Hapa Muheza jua linafika juu kati ya robo na nusu saa baadaye."

Nimelisaini, safu ya Maoni ikiwa tupu.