Farasi Mbele ya Turubai

Mpiga picha wa harusi ana nafuu moja ambayo mwenzake wa farasi hana. Bibi harusi akitoka mwembamba kuliko alivyo, hakuna atakayelalamika. Farasi akitoka mwembamba, mwenyewe ataiweka picha kando bila neno, na simu haitapigwa tena. Mnunuzi wa picha ya farasi amemtazama mnyama huyo asubuhi na jioni kwa miaka. Anajua mguu upi wa nyuma una soksi nyeupe, bega limelala vipi, na masikio husimama namna gani ndoo ya chakula inapogongwa. Ni yeye anayeisahihisha picha, na hana huruma. Waliofanikiwa katika biashara hii, tangu enzi za brashi hadi leo, walimpanga mtu huyo kwanza, kisha ndipo wakapanga mwanga, lenzi na bei.

Tuanze na George Stubbs, mtoto wa fundi ngozi wa Liverpool. Kuanzia 1756 alijifungia kwenye nyumba ya shambani kijijini Horkstow, Lincolnshire, kwa karibu miezi 18, akipasua mizoga ya farasi na kuchora kila tabaka: ngozi, misuli, mishipa, mifupa. Kitabu chake cha anatomia kilitoka 1766, na sahani za kuchapia michoro alizichonga kwa mkono wake mwenyewe. Lakini michoro hiyo ilikuwa imekwisha kumfungulia milango kabla kitabu hakijatoka. Mabwana waliomiliki farasi wa mbio, akina Duke wa Richmond na Marquess wa Rockingham, walikuwa wamezoea wachoraji waliochora farasi kama meza yenye miguu minne iliyonyooshwa. Sasa walimwona mtu anayejua kilichomo chini ya ngozi, wakampa kazi. Mwaka 1762 hivi akamchorea Rockingham farasi aliyeitwa Whistlejacket, kwenye kitambaa chenye urefu wa karibu mita 3, bila mti, bila anga, bila mtu. Mwaka 1997 National Gallery ya London iliinunua picha hiyo kwa pauni milioni 11.

Wengi husimama mbele yake wakistaajabia ukubwa. Mimi hustaajabia ule utupu wa nyuma. Stubbs aliondoa kila kitu ambacho jicho la mwenye farasi lingeweza kukimbilia, akabaki na ushahidi mtupu wa umbo.

Mchoraji huyohuyo alishindwa alipombadilisha mnunuzi. Katika miaka ya 1790 aliingia kwenye mradi wa kuchora farasi mashuhuri wa mbio tangu 1750 na kuuza chapa zake kwa umma. Maonyesho yalifunguliwa London mwaka 1794 kwa jina la Turf Gallery, na mradi ukadorora kwa kukosa wadhamini na wanunuzi. Ufundi ulikuwa uleule, na farasi walikuwa na majina makubwa. Ila mtu wa mtaani hakuwa na sababu ya kutundika ukutani kwake farasi wa tajiri mwingine.

Kamera ilipoingia, tatizo jipya likawa muda. Sahani ya kioo iliyopakwa kemikali ilihitaji kutulizwa mbele ya mwanga, wakati mwingine kwa sekunde kadhaa, na farasi hana subira hiyo: nzi mmoja anatosha kumfanya apunge mkia na kuharibu sahani nzima. Louis-Jean Delton wa Paris alilikabili jambo hili kwa akili ya biashara kuliko ya kemia. Katika miaka ya 1860 alifungua studio maalumu ya farasi karibu na Bois de Boulogne, bustani kubwa ambako matajiri wa enzi ya Napoleon III walikwenda kujionyesha, wengine juu ya farasi, wengine ndani ya magari ya kukokotwa. Delton hakuwafuata majumbani. Alikaa njiani mwao. Mteja alipopita hapo alikuwa amekwisha kuvaa vizuri, farasi amekwisha kusuguliwa akang'aa, na saisi yupo wa kushika hatamu. Kilichobaki ni kukata kona na kuingia langoni. Yeyote anayetafuta pa kuanzia biashara hii leo afikirie kwanza jambo hilo: ni wapi na saa ngapi farasi huwa tayari ameogeshwa? Jibu ni kwenye maonyesho, mashindano na minada, na hapo ndipo pa kusimamisha turubai.

Turubai lenyewe lina bingwa wake, naye ana uhusiano na kwetu. Yann Arthus-Bertrand, Mfaransa anayejulikana duniani kwa picha za kutoka angani, alihamia Maasai Mara mwaka 1976 na mkewe Anne kuchunguza familia ya simba, akijipatia riziki kwa kurusha watalii kwa baluni. Kutoka juu ya nyika hiyo ndipo alipoanza kuipenda picha ya angani. Lakini ana kazi nyingine ambayo kwa maoni yangu ina ufundi mgumu zaidi: picha za mifugo. Katika miaka ya 1990 alikuwa akisimamisha ng'ombe, kondoo na farasi wa maonyesho ya kilimo ya Paris mbele ya turubai kubwa lenye rangi ya udongo, taa za studio zimewekwa pembeni, na mwenye mnyama amesimama hapohapo. Baadaye alilibeba turubai hilo hadi nchi nyingine, na kikatoka kitabu kizima cha farasi.

Tazama turubai linavyofanya kazi. Linafuta uchafu wote wa nyuma: nguzo, magari, ndoo za plastiki. Linafanya picha ya Ufaransa na ya nchi ya mbali ziwe ndugu, hivyo kazi ya miaka mingi inakuwa mkusanyiko mmoja unaouzika. Tena katika baadhi ya picha zake ukingo wa turubai umeachwa uonekane, na nyuma yake shamba au jangwa, kana kwamba anasema wazi kuwa mnyama huyu anastahili kujengewa studio mahali alipo. Zaidi ya yote, yumo mwenyewe. Mkulima aliyeshika kamba, na mikono yake mikubwa, anampa mtazamaji asiyejua farasi sababu ya kutazama. Kile kilichomshinda Stubbs, yaani kumuuzia mgeni picha ya mnyama asiyemhusu, Arthus-Bertrand alikipata kwa kumwingiza binadamu ndani ya picha.

Kwa vitendo, turubai lina adha zake. Farasi mkubwa huchukua zaidi ya mita 2 kutoka puani hadi matakoni, kwa hiyo kitambaa kisicho na upana wa mita 5 au 6 kitakuchosha tu. Asimamishwe hatua kadhaa mbele yake ili kivuli kisianguke nyuma. Upepo ukilipiga turubai, farasi asiyelizoea atakimbia, na atakimbia na saisi. Kwanza aachwe alinuse. Taa nazo ziwashwe mara chache akiwa mbali, ndipo asogezwe.

Wengi wasio na gari la kubebea turubai wametumia mlango. Picha ile ya farasi anayetokea kwenye weusi mtupu, ambayo wateja huidhania ya studio ya gharama, mara nyingi hupigwa kwenye mlango wa banda bila taa hata moja. Farasi husimamishwa hatua moja ndani ya kizingiti, akitazama nje. Mwanga wa anga, hasa siku ya mawingu au upande wenye kivuli, unamwangukia usoni na shingoni. Nyuma yake banda ni giza. Kamera ikipimwa kwa ajili ya manyoya ya farasi, giza lile linageuka jeusi kabisa. Kazi inayobaki kwenye kompyuta ni kufuta kamba na kuzima kijivu kidogo kilichosalia pembeni. Jihadhari na rangi tu: kamera ikiachiwa iamue yenyewe, farasi mweusi humfanya wa kijivu na mweupe humfanya mchafu. Na farasi mwekundu akipigwa karibu na majani mabichi, tumbo lake huchukua ukijani ambao mwenyewe atauona kabla hujauona wewe.

Picha ya kuuzia farasi ina sheria nyingine kabisa, na hapa ndipo wapiga picha wazuri wa mambo mengine huumbuka. Tajiri anayenunua farasi wa mbio, awe anawatuma mawakala wake Newmarket huko Uingereza au anamiliki mmoja tu anayekimbia Ngong, Nairobi, anataka kusoma umbo. Kamera isimame sawasawa na katikati ya mbavu, mbali, na lenzi ndefu ya milimita 85 hadi 200. Ukimkaribia na lenzi fupi, kilicho karibu huvimba: ukiwa upande wa kichwa, utapata pua kubwa na matako ya punda. Piga goti, kwa sababu ukipiga ukiwa wima unamfupisha miguu. Miguu yote minne ionekane: ile ya upande wako ikae nje, wa mbele umetangulia kidogo na wa nyuma umebaki nyuma kidogo, na ile ya upande wa pili iingie ndani yake. Haya hayana mjadala wa sanaa. Wafugaji wa farasi wa Kiarabu, Ghuba nzima, wana macho ya namna nyingine: wao wanataka kichwa, uso uliobonyea, pua pana, jicho kubwa, singa zikipeperuka. Anayewapelekea picha ya mbavu na miguu peke yake amekosea mlango.

Masikio yanawaunganisha wote. Farasi mwenye masikio yaliyolala nyuma anaonekana mkali au mgonjwa, na picha hiyo hainunuliwi hata iwe na mwanga wa namna gani. Kwa hiyo mtu wa pili kazini, yule anayetikisa mfuko wa karatasi au kutoa mlio wa farasi kutoka kwenye simu, ni muhimu kuliko lenzi ya pili. Mlio usirudiwe ovyo, maana farasi huuzoea haraka. Na saisi aheshimiwe, aulizwe, alipwe chochote. Yeye ndiye anayejua kwamba farasi huyu hupenda kusimama akiuelekeza uso kwa mwenzake aliye zizini.

Kwenye fedha, kosa la kawaida ni kuuza faili zote kwa ada ya siku moja kisha kwenda zako. Wanaodumu hutoza ada ya kikao inayolipia muda na usafiri, halafu hukaa na mteja wakamwonyesha picha chache zilizochaguliwa, ili wauze kilicho kikubwa: chapa ya ukutani. Picha ya dume la kuzalishia hulipiwa kwa matumizi: tangazo lipi, muda gani. Na hakimiliki iandikwe kabla ya kamera kutoka kwenye begi. Tajiri mwenye farasi Leland Stanford alimlipia mpiga picha Eadweard Muybridge majaribio maarufu ya Palo Alto ya 1878, yaliyoonyesha farasi anayekimbia akiwa na miguu yote minne hewani. Mwaka 1882 kikatoka kitabu cha daktari J. D. B. Stillman, kwa ufadhili wa Stanford, kikitumia kazi hiyo bila kumpa Muybridge heshima ya mwandishi. Muybridge akaenda mahakamani, akashindwa. Mwenye farasi aliyelipa gharama zote huamini kwa moyo safi kwamba picha ni yake pia.

Halafu kuna ghala la picha. Huko Lexington, Kentucky, maktaba ya Keeneland imehifadhi mkusanyiko mkubwa wa hasi za Charles Christian Cook, aliyepiga picha za mbio za Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Farasi wa mbio akija kuwa babu wa mabingwa, picha yake ya ujanani huanza kutafutwa na watu ambao hawakuwepo ilipopigwa. Ndiyo maana jina la faili lianze na jina la farasi, la baba yake, la mama yake, kisha tarehe. Jina la mteja lije mwisho, kwa kuwa farasi hawa huuzwa na kuuzwa tena, na atakayeitaka picha hiyo baada ya miaka 15 huenda akawa mtu ambaye mpiga picha hajawahi kumwona.