Wufa ya Kona Imelizika Gitaa la Solo

Tuliofika mtaa wa Section 58 hapa Nakuru Jumamosi iliyopita kumpongeza mwenzetu kwa nyumba mpya tulisikia wenyewe. Nyaya zilifungwa vizuri, rekodi zilikuwa safi, kochi lilikaa mahali pake. Uamuzi mmoja uliharibu yote: mwenyeji alitoa jozi yake ya spika za mbao za njia tatu, akaongeza pesa, akaleta wufa ya 2.1 kwa sababu katoni iliandikwa wati 10,000 PMPO. Amekosea, na kosa hili linarudiwa kila wikendi Nakuru nzima.

Tuanze na hiyo namba. PMPO, eti nguvu ya kilele cha muziki, haina kipimo kinachokubalika. Kila kiwanda huandika kinavyotaka. Soketi zetu ni za volti 240 na fyuzi ya plagi ni ampea 13. Zidisha, upate wati 3,120. Hizo 10,000 zinatoka wapi? Tuligeuza wufa tukasoma kibandiko cha nyuma: inakula wati 60. Amplifaya haiwezi kutoa mfululizo nguvu nyingi kuliko inazopokea ukutani. Wati za kusoma ni za RMS, yaani hizo za mfululizo, na hata hizo zisikutie wazimu, maana ukiziongeza mara mbili unapata desibeli 3 tu. Spika yenye usikivu wa desibeli 90 kwa wati moja, ukiipa wati 10, inafika desibeli 100 ukiwa mita moja mbele yake. Sebule gani inataka zaidi?

Dhambi kubwa iko kwenye vispika viwili vidogo vinavyokuja na wufa ya 2.1. Koni ya inchi 3 haiwezi kushuka chini, kwa hiyo kila kitu chini ya takriban hezi 200 kinasukumiwa wufa. Sauti ya mwanamume akiongea huanzia kama hezi 85 hadi 180. Basi kifua cha mwimbaji kikatokea kona ya mlango, na maneno yake juu ya kabati la TV. Mtu mmoja, mahali pawili!

Halafu kona yenyewe. Kuta zinazotazamana kwa umbali wa mita 3.5 huvumisha sauti ya karibu hezi 49, na wufa ikiwa konani inauchochea mvumo huo kuliko ingekuwa popote pengine. Noti zilizo jirani na hapo zinavimba, nyingine zinapotea, kinabaki kishindo kimoja. Besi ya benga haiko hivyo. Inakimbia, noti baada ya noti, ikilifukuza gitaa la solo.

Ndiyo maana nawakumbuka wazee. Studio ya Chandarana pale Kericho ilirekodi benga ya Waluo na nyimbo za Wakipsigis kwa vifaa ambavyo leo vijana wangevikataa, na bado kila gitaa lilikuwa na nafasi yake. Msikilize Kipchamba arap Tapotuk, au D.O. Misiani na Shirati Jazz, kwenye spika mbili za mbao zinazolingana: utamwona mpiga solo amesimama wapi. Jumamosi hatukumwona.

Nimelisema hili miaka mingi na nitalisema tena: maduka yetu yanatuharibu masikio. Muuzaji anaweka wimbo wake mmoja wa kishindo, taa za buluu zinawaka, mteja anatoa pesa. Nenda na wimbo wako unaoujua kila pumzi. Zima besi ya ziada. Sikiliza sauti ya mtu kwanza, kisha gitaa, kishindo kiwe mwisho. Nyumbani, weka spika mbili sawa, twita zikiwa kimo cha masikio, mbali kidogo na ukuta, na umbali kati yake ulingane na umbali wa kila moja hadi kitini pako.

Na wewe mwenyeji wetu, rudi dukani kesho asubuhi. Kama ile jozi haijauzwa, inunue tena, hata kwa hasara.