Gazeti si Mwenye Katuni

Waliohudhuria wasilisho la wahifadhi wa magazeti ya kale hapa Euless walijionea wenyewe jalada la tatu, lenye katuni za kila siku zilizokatwa katika gazeti moja la Texas la mwaka 1937, likipigwa muhuri wa mali ya umma kwa hoja moja tu, kwamba gazeti hilo halikuhuisha hakimiliki yake. Nami nasema kwamba uamuzi ule ulikuwa batili tangu msingi wake, wala haukustahili kupita kimyakimya ati kwa kuwa majalada mengine yalishughulikiwa vyema.

Yalishughulikiwa vyema, kwa insafu: Texas History Movies, iliyoanza katika Dallas Morning News mwaka 1926 kwa mkono wa Jack Patton na maneno ya John Rosenfield, ilitangazwa huru kwa sababu miaka yake 95 ya ulinzi imekwisha, na kitabu kipya cha Jack Jackson cha mwaka 2007 kikatengwa kuwa kazi nyingine yenye haki zake.

Lakini katika jalada la tatu mwamuzi alifungua orodha ya magazeti yaliyohuishwa, akalikosa jina alilolitafuta, akaifunga, akahukumu; ikawa ameuliza habari za hati ya nyumba kwa mpangaji, na mpangaji aliposema hana hati, akatangaza kwamba nyumba haina mwenyewe. Katuni zile hazikuwa za gazeti hata siku moja, bali zilikuwa za King Features Syndicate, sindiketi ya kusambaza katuni magazetini, nalo gazeti lilinunua ruhusa ya kuzichapa tu, kama walivyofanya wahariri wengine kote Marekani siku ile ile. Watu wa pande hizi ndio wa mwisho kustahili kughafilika juu ya jambo hili, maana mwaka 1989 walishuhudia Universal Press Syndicate ikiinyang'anya Dallas Times Herald katuni ilizowazoeza wasomaji wake na kuzipeleka kwa hasimu wake, Dallas Morning News, na kelele zote za Times Herald zisiweze kuzirudisha, kwa kuwa hazikuwa zake.

Tuitazame picha ya katuni iliyotundikwa ukutani siku ya wasilisho. Katika kisanduku cha mwisho, chini upande wa kulia, baina ya mstari wa fremu na kiatu cha mhusika, palikuwa na ufito mweusi mwembamba ambao msemaji aliupita bila kuusemea neno. Na ufito ule ndio mahali ambapo sindiketi iliandika mwaka na jina lake kwa herufi ndogo mno, yaani ilani ya hakimiliki ambayo sheria ya 1909 iliifanya kuwa sharti. Mikrofilamu ndiyo iliyoigeuza herufi ile kuwa doa, na nimekwisha kulalamika mara nyingi, wala sitachoka, kwamba maktaba zilizotupa karatasi zikabaki na filamu zilitupa pamoja nazo ushahidi wa mwenye mali. Marehemu Bill Blackbeard alilifahamu jambo hilo mapema, akayaokoa magazeti yaliyokuwa yakitupwa, hata hazina yake ikahamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Na lau mwamuzi wetu angekuwa na nusu ya subira yake, angetafuta karatasi yenyewe kabla ya kuunyanyua muhuri.

Ilani ikipatikana, ndipo uchunguzi wa kuhuishwa unapoanza. Katuni ya Juni 1937 ilipaswa kuhuishwa ndani ya mwaka wake wa 28, na mwaka huo unaanzia katikati ya 1964 hadi katikati ya 1965, kwa hiyo daftari za serikali za miaka yote miwili hazina budi kupekuliwa, kwa jina la sindiketi na kwa jina la katuni, katika sehemu ya magazeti na pia katika sehemu ya michoro. Orodha ya hakimiliki zilizohuishwa ya Chuo Kikuu cha Stanford, ambayo kila mtu huikimbilia, ni ya vitabu peke yake, na kukosekana kwa katuni humo hakuthibitishi lolote. Iliyohuishwa italindwa hadi mwisho wa 2032. Isiyohuishwa, au iliyochapwa bila ilani, ni huru.

Fauka ya hayo, jalada zima haliwezi kuhukumiwa kwa pigo moja. Jaji Learned Hand alikwisha kulisema hili mwaka 1951, katika shauri la National dhidi ya Fawcett, pale mahakama ya chini ilipoona kasoro za ilani katika katuni za Superman zilizosambazwa na McClure ikakata kwamba haki yote imetupwa. Hand akaitengua hukumu hiyo, akataka kila katuni ipimwe peke yake. Simwoni leo mwenye kuifikiri kazi hii kwa uzito ule.

Na hatari ya uamuzi mbovu ni kwamba huzaa mwingine, kwani katika wasilisho lile lile alisimama mmoja wetu akataka Juha Kalulu, mhusika wa katuni za Edward Gitau katika gazeti la Kenya la Taifa Leo, naye atangazwe huru kwa kuwa hakusajiliwa Washington. Hasha! Kenya iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1993, na kuanzia tarehe 1 Januari 1996 Marekani ilizirudishia ulinzi kazi za kigeni zilizokuwa bado zikilindwa kwao, bila kujali usajili. Na tarehe hiyo Gitau alikuwa hai, ilhali sheria ya Kenya humlinda mwandishi uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Basi muhuri wa jalada la tatu ufutwe, na kila katuni iandikiwe kadi yake yenye tarehe, matini ya ilani na jina la aliyehuisha; na ile ambayo karatasi yake haijaonekana isipewe hukumu yoyote.