Wote, Baadhi na Hakuna: Tahakiki ya Lugha ya Mazoezi ya Mantiki

Mazoezi ya mantiki wanayotungiwa wanafunzi wanaojitayarisha kwa mitihani yana sura moja inayojulikana. Mwanafunzi hupewa kauli mbili, akatakiwa kuzikubali bila ya kuuliza kama ni za kweli, kisha akaulizwa ni hitimisho lipi linalofuata kwa lazima. Wavuvi wote ni waogeleaji. Juma ni mvuvi. Kwa hivyo Juma ni mwogeleaji. Hoja ya namna hii wataalamu huiita silojizimu, na asili yake ni kazi za Aristotle wa karne ya 4 kabla ya Kristo. Sikusudii hapa kuihakiki mantiki ya Aristotle, wala sikusudii kukichambua kitabu kimoja cha mazoezi. Mifano yote nitakayoitoa nimeitunga mwenyewe kwa kufuata sura hiyo. Ninachotaka kuhakiki ni lugha ya mazoezi haya yanapoandikwa kwa Kiswahili, kwani naona kwamba mwanafunzi aweza kunyimwa alama ilhali amefikiri sawasawa, na kosa likawa limo ndani ya sentensi aliyopewa.

Suala hili latuhusu sisi walimu wa lugha kuliko tunavyopenda kukiri. Mtaala wa umilisi uliowekewa misingi yake nchini Kenya mwaka 2017 umezitaja fikra za kina na utatuzi wa matatizo kuwa mojawapo ya umilisi 7 wa kimsingi, na umilisi huo wapaswa kujengwa katika masomo yote. Mwalimu wa Kiswahili hawezi tena kusema kwamba mantiki ni kazi ya wanafalsafa na wanahisabati. Na akitaka kutunga mazoezi, njia iliyo rahisi kwake ni kufungua kitabu cha Kiingereza na kufasiri. Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Silojizimu ya jadi inajengwa kwa kauli za aina 4 tu: ile inayoyakinisha kwa wote, ile inayokanusha kwa wote, ile inayoyakinisha kwa baadhi, na ile inayokanusha kwa baadhi. Kutokana na kauli hizo yaweza kupangwa maumbo 256 ya hoja, na katika hayo yaliyohesabiwa na wanajadi kuwa halali ni 24 peke yake. Mtihani mzima, basi, unasimama juu ya tofauti ya maneno machache sana. Maneno hayo yakilegea, hakuna kinachopimwa.

Tuanze na ukanushi, maana ndiko kwenye hatari kubwa. Mtungaji anaandika: Wanafunzi wote hawakufika, Amina ni mwanafunzi, je, Amina alifika? Majibu anayoyatoa ni mawili: kwamba Amina hakufika, au kwamba haiwezekani kujua. Mwongozo wake wa kusahihisha unasema hakufika. Lakini sentensi ya kwanza ina maana mbili. Mzungumzaji wa Kiswahili aweza kuielewa kuwa hakufika hata mmoja, na mwingine, au yeye huyo huyo siku nyingine, akaielewa kuwa hawakutimia, yaani walifika wengine na wengine wakakosa. Katika mazungumzo sauti na muktadha huondoa utata huo. Karatasi ya mtihani haina sauti. Mwanafunzi aliyeandika kwamba haiwezekani kujua amechukua maana ya pili, na kwa maana hiyo jibu lake ni halali kabisa.

Labda msomaji atasema kwamba Kiingereza nacho kina utata wa namna hiyo. Ni kweli. Tofauti ni kwamba Kiingereza kina neno moja fupi la kukanushia nomino, na vitabu vyake vya mantiki hulishikilia neno hilo ili kuukwepa utata. Kiswahili hakina neno kama hilo la kutangulia nomino. Mfasiri analikosa, anakimbilia kitenzi cha kukanusha, na kumwachia nomino kivumishi chake cha “wote”. Si kwamba lugha yetu imepungukiwa. Inayo miundo iliyo wazi kuliko hiyo: hakuna mwanafunzi aliyefika, hakufika mwanafunzi hata mmoja. Na kwa maana ya pili inao muundo usiokosewa: si wanafunzi wote waliofika. Hebu tutazame kwamba “si” hapo imetangulia “wote”, na kwamba kitenzi kimelazimika kuchukua kirejeshi. Sarufi yenyewe imeonyesha mpaka wa ukanushi unaishia wapi. Sioni kwa nini mtungaji auache muundo huo na kuandika sentensi yenye nyuso mbili.

“Baadhi” nayo ina mambo yake. Kwa mwanamantiki, kusema baadhi ya walimu ni washairi ni kusema kwamba yuko angalau mwalimu mmoja aliye mshairi, na haikatazwi wote wakawa washairi. Kwa Mswahili neno hili, lililotoka katika Kiarabu, lina maana ya sehemu ya kitu, na penye sehemu pana salio. Mwanafunzi akiambiwa kwamba baadhi ya walimu ni washairi, kisha akahitimisha kwamba wako walimu wasio washairi, amesoma neno kama linavyosomwa na kila mtu nje ya darasa. Mwalimu ana njia mbili. Ama amfundishe waziwazi kwamba katika zoezi hili neno limepewa maana finyu, ama atumie muundo usioleta fikra ya salio: wako walimu walio washairi. Njia ya pili naiona bora, ingawa ya kwanza ina faida ya kumzoeza mwanafunzi kwamba istilahi huweza kutofautiana na neno la kila siku lililo sawa nalo kwa umbo.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya kigeni haviwezi kutuonya, kwa sababu ni la Kiswahili chenyewe. Nalo ni kiambishi “hu-”. Tazama hoja hii: Kuku hutaga mayai, jogoo ni kuku, kwa hivyo jogoo hutaga mayai. Kauli zote mbili za msingi hakuna Mswahili atakayezikataa. Umbo la hoja linafanana na lile la Juma na uogeleaji. Hata hivyo hitimisho ni upuuzi. Kosa liko wapi? Liko katika kudhani kwamba “kuku hutaga” ni sawa na “kuku wote hutaga”. Kiambishi “hu-” hakihesabu. Hueleza tabia au desturi ya jinsi fulani ya vitu, na desturi huvumilia wasioifuata. Si kauli ya wote wala si kauli ya baadhi, na kwa hiyo haina mahali katika aina zile 4. Mtungaji anayeanza silojizimu kwa “hu-” ameanza kwa kauli isiyoweza kubeba mzigo anaotaka kuitwika. Wakati huohuo, sijui mfano wa kufundishia ulio mzuri kama huu wa jogoo. Mwanafunzi akiuchambua mwenyewe, atakuwa ameelewa sarufi na mantiki kwa mara moja.

Kutoka hapo twafika kwenye methali, kwani methali zetu nyingi zimejengwa kwa “hu-”, na walimu huvutiwa kuzitumia kama kauli kubwa ya hoja ili zoezi lipate ladha ya kienyeji. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Athumani amevunjika guu. Je, yafuata kwamba hakusikia la mkuu? Mwanamantiki atajibu kwamba haifuati, maana mguu huvunjika kwa sababu nyingi, hata kwa kuanguka mnazini. Wanafunzi wengi watajibu kwamba yafuata, na msahihishaji atawaandikia kosa la kuyakinisha tokeo.

Ningependa tulitazame jibu lao kwa makini zaidi. Methali hii hutumiwa lini? Ni nadra mtu kuitoa kabla ya jambo, akiwa na hakika ya litakalotokea. Tunaitoa pale mguu umekwisha kuvunjika. Tunaona tokeo, tunarudi nyuma kutafuta sababu, na methali ndiyo inayotuonyesha sababu hiyo. Ndivyo ilivyo kwa “Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu”, na kwa “Mchelea mwana kulia hulia yeye”: mzazi akisha kulia, jirani ndipo anapoikumbuka. Kwa hiyo mwelekeo wa matumizi ya methali ni kinyume cha mwelekeo wa silojizimu. Mwanafunzi aliyehitimisha kwamba Athumani hakusikia la mkuu ameitumia methali kama alivyoisikia ikitumiwa tangu utotoni. Mmarekani Charles Sanders Peirce aliitofautisha namna hii ya kufikiri, kutoka tokeo kwenda kwenye sababu inayodhaniwa, na ile inayotoa hitimisho la lazima; ndiyo namna ya daktari mbele ya mgonjwa na ya fundi mbele ya mtambo ulioharibika. Si ujinga, ila haitoi uhakika. Kumpa mwanafunzi methali, na kisha kumwadhibu kwa kuitumia kama methali, si kumpima.

Makosa ya namna hii yameleta madhara makubwa zaidi ya alama za mtihani. Mwaka 1910 Mfaransa Lucien Lévy-Bruhl alitoa kitabu kilichodai kwamba fikra za watu wengi wa nje ya Ulaya hazikuongozwa na mantiki kama yake. Madaftari yake, yaliyochapishwa mwaka 1949 baada ya kifo chake, yanaonyesha kwamba mwenyewe alikuja kulegeza dai hilo. Baadaye, mwaka 1931 na 1932, Alexander Luria aliwapa wakulima wa Uzbekistan silojizimu juu ya dubu wa kaskazini ya mbali, kwenye theluji, ambako dubu wote ni weupe. Aliwauliza dubu wa mahali fulani kaskazini huko ni wa rangi gani. Wengi wa wale ambao hawakusoma walijibu kwamba hawajafika huko, na kwamba mtu husema aliyoyaona. Matokeo hayo, yaliyotolewa kwa Kirusi mwaka 1974 na kwa Kiingereza mwaka 1976, yamesomwa mara kwa mara kuwa ushahidi wa upungufu. Lakini, kama wahakiki wengine walivyokwisha kutambua, jibu hilo lenyewe ni hoja kamili: asiyeona asiseme, mimi sikuona, basi sisemi. Waliyoikataa ni kauli waliyopewa na mgeni, wala si njia ya kufikiri.

Sylvia Scribner na Michael Cole, katika utafiti wao juu ya Wavai wa Liberia uliotolewa mwaka 1981, waliona kwamba katika mazoezi haya kwenda shule ndiko kulikoleta tofauti kubwa, na kwamba kujua hati ya Kivai peke yake hakukutosha. Nionavyo mimi, maana yake ni kwamba silojizimu ya mtihani ni utanzu, una kanuni zake, na kanuni hujifunzwa. Watoto wetu tayari wanao utanzu wenye kanuni ya karibu na hiyo. Anayetegewa kitendawili, akaambiwa “Nyumba yangu haina mlango”, haulizi nyumba hiyo iko mtaa gani, wala fundi gani aliyeisahau. Anaipokea kauli kama ilivyo, anaishi ndani yake kwa muda, anatafuta yai. Mwalimu angeanzia hapo, asingehitaji dubu.

Niongeze neno juu ya herufi, kwa kuwa wako wanaodhani kwamba tutaokoka tukiyaacha maneno na kuandika A na B kama Aristotle mwenyewe alivyofanya. Kwa Kiswahili hata herufi haiponi, kwani lazima ipatane na kivumishi chake. Je, ni “A wote” au “A zote”? Akiandika “wote”, mtungaji amekwisha kutuambia kwamba A ni viumbe wenye uhai.

Kazi iliyo mbele ya idara zetu ni ya kawaida kabisa: kukusanya sentensi za “wote” zenye kitenzi cha kukanusha, kuwasomesha wanafunzi wa pwani na wa bara, na kuandika kila mmoja ameelewa nini. Matokeo yakipatikana, mwongozo wa kusahihisha uandikwe upya. Kabla ya hapo, swali la Amina lisiwekewe alama.