Sadaka Isiyokuwa na Mwaka wa Pili

Kila unapoandama mwezi wa Ramadhani, magari hutoka mjini Unguja kwenda mashamba yakiwa na mapolo ya mchele, tende na sukari. Jambo hilo ni jema na wala hatulitii ila, kwani mwenye njaa hangoji semina. Tunalotaka kulipima hapa ni lile la pili, ambalo siku hizi limepewa jina kubwa zaidi: sadaka ya mradi, yaani ile inayotolewa kijijini kwa nia ya kuwa watu wajitegemee. Je, wanajitegemea kweli?

Tuchukue Kizimbani, mwendo mfupi wa gari kutoka Mji Mkongwe. Hapo lipo shamba la viungo la Serikali, hapo hufundishwa kilimo, na hapo watalii huja kunusa mdalasini na iliki. Tuseme mhisani amewagawia wanakijiji miche ya vanila, akapigwa picha, akarejea mjini. Mvanila hukaa kiasi cha miaka 3 kabla ya kuchanua. Ukichanua, ua hufunguka asubuhi moja tu, na huku kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha. Lazima mtu afanye kazi hiyo kwa kijiti, ua moja moja, siku hiyohiyo. Ujuzi huo uligunduliwa mwaka 1841 na mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, katika kisiwa cha Réunion, kisiwa ambacho wanahistoria wanasema ndiko Saleh bin Haramil alikopata mikarafuu ya mwanzo iliyopandwa Kizimbani. (Utajiri wa viungo umejengwa na watu wasiokuwa na chao, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.) Hata ua likizaa, ganda bichi halina harufu, huivishwa na kukaushwa kwa miezi ndipo lipate bei. Basi aliyetoa miche bila ya kumfundisha mtu kazi ya kijiti na ya kukausha, huyo ametoa majani. Picha yake lakini ni nzuri.

Sasa ilinganishe sadaka hiyo na kisa alichokipokea Abu Daud kutoka kwa Anas bin Malik. Mtu wa Kiansari alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kuomba. Akaulizwa ana nini nyumbani; alikuwa na nguo moja na chombo cha kunywea maji. Vikanadiwa, vikauzwa kwa dirhamu 2. Moja akanunulie watu wake chakula, ya pili anunue shoka. Mtume akalitia shoka mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma kukata kuni na kumwambia asionekane mpaka zipite siku 15. Alirejea na dirhamu 10. Wapo wanavyuoni walioidhoofisha isnadi ya hadithi hii, ila fadhila ya mtu kujibebea kuni kuliko kuomba imethibiti pia kwa Bukhari. Tazama yaliyomo: chakula kilitangulia, mali ilikuwa ya mwenyewe, zana ilikuwa kamili hadi mpini, na siku ya hesabu iliwekwa. Miradi yetu mingi hukosa hii ya mwisho. Nani kati ya wahisani wetu hurudi mwaka wa pili kuuliza pampu inafanya kazi au imekuwa kiota cha kuku?

Mfano wa hapahapa Unguja upo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la CARE lilifundisha wanavijiji wa kandokando ya msitu wa Jozani kuweka na kukopa. Halikuwapa mtaji. Wanachama walitia fedha zao wenyewe katika sanduku lenye makufuli 3, na funguo zikakaa kwa watu watatu mbalimbali. Wafadhili walipoondoka, vikundi havikufa, viliongezeka. Mwenye ufunguo alikuwa akilinda mali yake.

Hata hivyo hatuwezi kusifu tukanyamaza. Utaratibu huo, kama ulivyoanzishwa Niger mwaka 1991, unamtoza mkopaji ziada juu ya alichokopa, na hiyo kwetu ni riba hata kama inagawanywa baina ya majirani wenyewe. Kusema kwamba fedha inabaki kijijini hakuihalalishi. Hapo ndipo mwenye sadaka angekuwa na kazi ya maana: si kujaza sanduku, maana fedha ya mgeni hulindwa kwa mkono mlegevu, bali kugharamia mwalimu wa kukaa nao, awaoneshe kardhi hasan kwa mwenye shida, na mudharaba kwa mwenye biashara, faida igawanywe kwa sehemu waliyokubaliana na hasara ya mtaji wasitwishwe aliyefanya kazi. Mwalimu huyo hapigiki picha, na mshahara wake ni wa miaka, si wa siku moja.

Na mchele usikatwe. Mche wa vanila ukipandwa Kizimbani Ramadhani hii, zitapita Ramadhani mbili nyumba ile haijaona hata ua moja, na watoto watataka kufuturu zote mbili.